Mbuzi Wanalala Babeli

Zablon Ndahani alikua akijua kwamba mama yake ni mtu wa Babeli. Jambo hilo halikuwa siri. Watu wazima wa kijiji chao, ng'ambo ya Buigiri, wakikumbuka walikokuwa wakiishi kabla ya malori kuja kuwahamishia kijijini, walinyoosha kidole kuelekea mwamba mrefu wa upande wa kusini na kusema, "Huko Babeli." Walisema hivyo bila kucheka, kama mtu anavyosema kisimani au sokoni. Zablon alizaliwa baada ya malori, kwa hiyo Babeli hakuiona. Aliisikia tu.

Na kanisani, katika shule ya Jumapili, aliisikia tena. Mwalimu aliwaambia watoto kwamba Babeli ulikuwa mji wenye kuta nene na malango ya shaba, na mito yenye miti ambayo watu walitundika vinubi vyao. Vinubi Zablon hakuvijua, akaviona akilini kama mazeze, yamening'inia mitini kama mizinga ya nyuki, upepo ukipita yanalia yenyewe. Alikuwa akirudi nyumbani, akimkuta mama yake Debora ameinama anachambua mlenda, anasimama mlangoni na kumtazama. Huyu alipita kwenye malango ya shaba! Huyu alisikia mazeze ya mitini! Mama yake akiinua uso na kumwuliza, "Una nini wewe?" yeye alijibu, "Sina kitu," akatoka nje.

Wenzake walimtania. "Mtoto wa Babeli, mbona unakula mlenda kama sisi?" Walisahau kwamba wao pia mama zao walitoka hukohuko.

Lakini hakuna mtu aliyekwenda kule. Hata kuni hazikuokotwa kule. Mwinjilisti wa wakati ule wa kuhama, Mzee Hezekia, alihubiri Jumapili ya kwanza katika kijiji kipya, kabla kanisa halijapata hata nguzo. Watu walikuwa wamekaa juu ya vyombo vyao kama wasafiri waliochelewa gari. Akawafungulia kitabu cha nabii Isaya, mahali panaposema juu ya Babeli ulioanguka: kwamba hautakaliwa na watu tena kizazi hata kizazi, kwamba bundi watajaa nyumbani na majini watacheza humo. Akafunga kitabu, akanyoosha mkono kuelekea mwamba. Tangu siku hiyo jina likashika. Jina la zamani likapotea, kama linavyopotea jina la mtu aliyepewa jina la utani utotoni.

Basi Zablon akakua, akawa fundi. Alijifunza kujenga tembe kwa wazee, nyumba zile ndefu za paa tambarare la udongo, halafu tembe zikaacha kutakiwa, akajifunza tofali na bati. Alijenga nyumba za watumishi kule Chamwino, na miezi ya kupogoa alikwenda kwenye mashamba ya zabibu. Mikono yake ilisema, kinywa chake kilinyamaza. Alikuwa mtu wa aibu, aibu ile ya kuzaliwa nayo, isiyotibika kwa umri. Siku ya ndoa yake, mchungaji alipomwuliza kama anamkubali Lydia awe mke wake, alijibu kwa sauti ndogo hivi kwamba mchungaji aliinama, akaweka mkono sikioni, na bado hakupata kitu. Bibi harusi ndiye aliyeokoa.

"Amekubali, Mchungaji," alisema Lydia. "Mimi nimemsikia."

Kanisa zima lilicheka, na Zablon alicheka pia, akitazama viatu vyake.

Lydia haoni tangu utotoni. Alisoma shule ya wasioona pale Buigiri, na alipoolewa alikuja na kitanda, sufuria, na vitabu viwili vikubwa kama milango, kimoja cha Zaburi na kimoja cha Isaya, vyenye kurasa nene za nukta zinazosomwa kwa vidole. Mchana, kazi zikiisha, alikaa ukumbini na kitabu mapajani, vidole vikitembea kama mtu anayetafuta mchele uliomwagika. Zablon alipenda kumtazama wakati huo. Aliona kama mke wake anagusa kuta za mji mahali fulani mbali.

Walipata mtoto mmoja, Penina, aliyekua akaenda kufanya kazi Dodoma mjini katika duka la vifaa vya ujenzi. Maisha yakaenda. Debora akazeeka.

Mwaka mmoja, uwele ukiwa umekwisha kuvunwa, Debora alimwita mwanawe.

"Zablon."

"Naam, Mama."

"Jiwe langu liko Babeli."

Zablon aliketi. "Jiwe gani, Mama?"

Mama yake aliingiza mkono chini ya kitanda, akatoa jiwe dogo la mviringo, jeusi, lililolainika kama sabuni. Zablon alilifahamu tangu utoto. Lilizuia mlango, lilivunjia karanga, lilikandamiza kifuniko cha mtungi. Hakuwahi kuuliza lilikuwa la nini.

"Huyu ni mtoto," alisema Debora. "Wa juu, wa kushika. Mama yake, lile la chini la kusagia, tulimwacha. Nilikuwa nimelijengea kwa udongo ndani ya nyumba, pembeni mwa jiko. Dereva alisema lori lake halibebi mawe. Akasema tunakokwenda kuna mashine ya kusaga."

"Na ilikuwepo?"

"Ilikuja ukiwa umeota ndevu."

Zablon alicheka kidogo. Mama yake hakucheka. Alilizungusha jiwe mkononi.

"Nijengee tembe pale lilipo. Nisage. Nilale. Msimu mmoja tu, baadaye mtanirudisha mnakotaka."

"Mama, naweza kukodi mkokoteni wa punda. Nitalichimbua, nikuletee hapa."

"Lile jiwe limekosa nini hata lihamishwe? Nimehamishwa mimi, yatosha."

Kuanzia siku hiyo Debora alikigeuza kigoda chake, akawa anakaa akitazama kusini. Aliyempitia alimsalimu, "Shikamoo, bibi," naye aliitika marahaba bila kugeuza shingo. Chakula alikula, ila kidogo, kama mgeni anayeogopa kuchelewa safari. Zablon alimtazama. Aliona wazi kwamba mama yake anakwisha, na kwamba akifa hajalala kwake, jambo hilo litabaki ndani ya nyumba yao kama harufu ya moshi, halitoki.

Kazi ya kuta aliiweza. Shida ilikuwa paa. Paa la tembe halipandishwi na mtu mmoja. Udongo hukandwa na wengi, hupokezwa mkono kwa mkono, hukanyagwa ukiwa bado mbichi, na siku hiyo wanawake hupika na togwa hunywewa. Ni kazi ya kualikana. Na nani angekubali mwaliko wa kwenda Babeli?

Alimpigia Penina simu. Penina alicheka hadi simu ikakoroma.

"Baba! Nchi nzima inahamia Dodoma, ninyi mnatoka Dodoma mnahamia Babeli? Basi nitawaletea mabati. Kwa bati hamhitaji watu, wewe na fundi mmoja mnamaliza."

Zablon alimfikishia mama yake habari ya mabati.

"Bati silitaki," alisema Debora. "Mvua ikinyesha linamfokea Mungu."

Ikabaki njia moja: Mwinjilisti Bartolomayo, mtoto wa Mzee Hezekia, aliyeshika kazi ya baba yake. Yeye akisema neno, watu watakwenda. Zablon alivaa shati safi akaenda kwake. Walisalimiana. Wakaongea habari za mvua, wakaongea habari za kuku. Maneno ya Babeli yalifika kooni yakakaa hapo kama mwiba wa samaki. Mwisho Zablon aliona mlango wa banda la kuku umelegea, akaomba nyundo, akautengeneza, akaaga.

"Amesemaje?" Lydia alimwuliza aliporudi.

"Nimemtengenezea mlango wa banda."

Lydia aliguna. Kisha akasema, "Nipeleke."

"Kwa Mwinjilisti?"

"Babeli. Nimeisoma kwa vidole miaka yote hii. Nataka kuikanyaga."

Walikwenda asubuhi, jua likiwa bado dogo. Lydia alishika kiwiko cha mumewe, fimbo yake ikigonga mbele. Njia ilipita mashamba yaliyovunwa, ikapita migunga, ikafifia na kuwa nyayo za wanyama. Mwamba ulizidi kukua. Na jambo la ajabu ni kwamba Zablon, mtu mzima mwenye mvi, fundi anayejua kuta zinavyojengwa na zinavyoanguka, alikuwa akiyangoja malango ya shaba. Hakujua kama anayangoja. Lakini kila walipopanda kilima kidogo macho yake yalitangulia, yakatafuta mnara. Ukungu mwembamba wa vumbi ulikaa juu ya nchi, na kwa mbali katika vumbi hilo aliona kama kuta, ndefu, nyekundu, zinazopanda na kushuka. Alisikia upepo kwenye miti. Akasimama.

"Tumefika?" Lydia aliuliza.

Walikuwa wamefika. Upepo ulikuwa katika minyaa, ule uzio wa kijani ambao watu hupanda kuzunguka makazi. Uzio ulikuwa bado umesimama, mnene, umezunguka watu wasiokuwepo. Ndani yake kulikuwa na matuta marefu ya udongo mwekundu, laini, kama ng'ombe waliolala. Mahali pengine ukuta ulifika magotini. Vigae vya vyungu vilitawanyika.

"Unaona nini?" Lydia aliuliza.

Zablon alitazama tena, pande zote. "Sioni kitu."

"Basi leo tumelingana," alisema Lydia, akacheka.

Kisha akaacha kucheka, akainua pua. "Hapa pamelala mbuzi."

"Hapa? Haiwezekani."

"Nakwambia pamelala mbuzi. Si jana tu. Siku zote."

Na kweli kengele ikalia nyuma ya tuta. Wakazunguka. Kivulini mwa ukuta kundi la mbuzi lilikuwa limejilaza, macho nusu, likitafuna. Katikati yao palikuwa na turubai la bluu lililofungwa kwenye vijiti, na chini yake mwanaume mwenye kofia ya kufuma alikuwa anachemsha chai.

"Karibuni, karibuni!" alisema. "Mnapita au mmepotea?"

Alikuwa Abdulwahab, Mrangi wa Busi, upande wa Kondoa. Alizunguka vijijini akinunua mbuzi na kuwaswaga hadi mnadani. Aliwapa chai katika kikombe kimoja kikubwa wapokezane.

"Wewe unalala hapa?" Zablon aliuliza. Hofu ilimsahaulisha aibu.

"Mimi na mbuzi. Baba yangu pia alilala hapa, na mbuzi wake. Hawa hawakubali kulala pengine, kaka. Ardhi hii ina mbolea ya ng'ombe wa zamani, ina joto la zizi. Ukuta unazuia upepo. Kwa nini nisilale?"

"Hapa ni Babeli."

Abdulwahab aliangalia huku na huku, kama mtu aliyeambiwa kuna nyoka. "Babeli ya wapi? Hapa Igongo. Sisi wa mbuzi tunapaita Igongo tangu babu zetu, kwa ajili ya huo mwamba. Si unaona ulivyo, kama mgongo wa ng'ombe?"

Zablon hakuwahi kulisikia jina hilo. Aliligeuza kinywani bila sauti. Igongo.

Lydia alikuwa ameanza kutetemeka kwa kicheko. "Ndugu yangu," alisema, "samahani. Wewe ni Mwarabu?"

"Jina tu, dada. Mimi Mrangi mtupu."

"Lakini umepiga hema."

"Hema gani? Turubai. Tena limetoboka."

Lydia alicheka mpaka akakaa chini juu ya tuta. Zablon hakuelewa. Alisubiri, kama alivyozoea kusubiri. Mke wake alipopata pumzi alimweleza. Nabii Isaya, mahali palepale Mzee Hezekia alipohubiri, anatoa dalili za Babeli ulioanguka. Bundi, ndiyo, na majini. Lakini kabla ya bundi anasema Mwarabu hatapiga hema yake humo, wala wachungaji hawatalaza makundi yao humo.

"Sasa, Baba Penina, mbuzi hawa wamelala au hawajalala?"

"Wamelala."

"Basi ama Isaya amekosea, ama sisi tumekosea. Mimi nafikiri ni sisi."

"Na mimi je?" Abdulwahab aliuliza. "Nimekosea nini?"

"Wewe endelea kulala," alisema Lydia. "Ukiamka utatuharibia."

Walipokuwa wanakunywa, mbuzi mmoja aliinuka, akaenda pembeni, akaanza kulamba kitu ardhini. Wengine wakamfuata.

"Wana sahani yao pale," Abdulwahab alieleza. "Jiwe lenye shimo. Nawawekea chumvi."

Lydia alinyoosha mkono, Zablon akampeleka. Vidole vyake viliingia katika shimo la jiwe, vikaenda mbele, vikarudi, polepole, kama juu ya nukta. Jiwe lilikuwa kubwa, limezama nusu katika udongo, na katikati lilikuwa limeliwa, laini kama kiganja.

"Hili halikuliwa na ndimi za mbuzi," alisema. "Limesagiwa na mtu mmoja. Alikuwa anaegemea upande wa kushoto."

Mama yake Zablon anatumia mkono wa kushoto. Zablon aliweka mkono wake juu ya mkono wa mke wake, ndani ya jiwe lenye chumvi, wakakaa hivyo kwa muda huku mbuzi wakiwasukuma kwa pua.

Njiani kurudi Zablon aliuliza, "Kama si Babeli, ni mji gani?"

"Maandiko yana magofu zaidi ya moja," Lydia alijibu. "Babeli ulikuwa mji wa waliochukua watu. Wakwe zangu walimchukua nani? Wao ndio waliochukuliwa na vyombo vyao vichwani. Wale wa namna hiyo walitoka Yerusalemu. Na Yerusalemu nao ulianguka, ukabaki mawe na mavumbi. Lakini zaburi moja inasema watumishi wa Mungu waliyapenda mawe yake, na hata vumbi lake walilionea huruma."

Zablon alitembea akiwaza. "Basi Babeli ni kule kijijini tunakokaa?"

"Sijasema hivyo! Usinipeleke kwa Mwinjilisti."

Nyumbani Debora alikuwa kwenye kigoda chake, akitazama njia waliyoijia. Zablon alichuchumaa mbele yake.

"Mama, tumeliona."

Mama yake aliuliza neno moja tu. "Limepasuka?"

"Halijapasuka. Mbuzi wanalilamba chumvi."

Mabega ya Debora yakaanza kucheza, Zablon akadhani analia. "Wanalilamba!" alisema. "Basi halikukaa na njaa."

Jumapili, baada ya ibada, wakati wa matangazo, Zablon alisimama. Hakuwa amewahi kusimama kanisani ila kwa kuimba, na kuimba kwenyewe alijificha nyuma ya besi. Watu waligeuka. Mwinjilisti Bartolomayo, mtu mnene mwenye utani, alimtazama juu ya miwani.

"Zablon! Umesimama, au unanyoosha mgongo?"

Watu walicheka. Zablon aliona madirisha yakisogea mbali. Aliona kanisa limekuwa refu sana, na yeye yuko mwisho wake, mdogo, mtoto aliyesimama mlangoni na kumtazama mama yake. Na Debora alikuwa pale, mstari wa mbele, jiwe dogo limefungwa kwenye pindo la kanga yake.

"Mbuzi wanalala Babeli," alisema.

Kicheko kilikatika. Hakuna aliyejua ni habari au ni mafumbo.

"Nimewaona," alisema tena. "Na mtu ana turubai. Na mama anataka kulala kwake. Kuta najenga. Paa la udongo sipandishi peke yangu."

Akakaa. Shati lilikuwa limemshika mgongoni kwa jasho.

Bartolomayo hakutania tena. Alifungua Biblia yake, akatafuta Isaya, akasoma kwa sauti pale ambapo kila mtu alipajua. Alikwenda vizuri mpaka akafika kwa Mwarabu na hema. Hapo akapunguza mwendo. Akafika kwa wachungaji na makundi, akasimama. Akavua miwani, akaipangusa kwa joho, akaivaa, akasoma tena kimoyomoyo, midomo ikicheza.

"Baba yangu," alisema mwishowe, "siku ile ya mahubiri, hakula. Mimi nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka sahani ilivyorudi. Mama alimwuliza. Akasema, 'Nimewatukania kwao.' Mwaka ule kulikuwa na njaa, na kule kisima kilikwisha kukauka. Hapa tuliletewa chakula na maji. Lakini watu walikuwa wakirudi, wazee, akina mama wenye watoto mgongoni, wanakwenda kukaa juu ya kuta zao na kulia. Wawili walikutwa njiani wamekufa. Baba akasema, mtoto ukitaka kumwachisha ziwa unapaka dawa chungu. Hukusudii kumwambia ziwa ni baya. Unataka aishi. Akawapaka Babeli."

Mahali fulani mtoto mchanga alilia, akabembelezwa.

"Lakini mtoto akishaacha, dawa inaoshwa," alisema Bartolomayo. "Hii haikuoshwa."

"Mwinjilisti," mama mmoja wa kwaya alisema kutoka nyuma, "tumeachishwa mpaka tumeota mvi!"

Kanisa likacheka, lakini kicheko chenye maji ndani yake. Baadhi ya wazee hawakucheka. Mmoja alisema polepole, kama anayejaribu mguu uliolala, "Igongo. Palikuwa panaitwa Igongo." Mwingine karibu naye akalirudia. Jina likapita kutoka benchi hadi benchi, na walioitika walikuwa wale wenye vichwa vyeupe.

"Wale waliopelekwa mbali," Bartolomayo alisema, akirudisha sauti yake ya kazini, "nabii aliwaambia wajenge huko walikopelekwa, wapande, wauombee mji amani. Tumejenga hapa. Tumepanda. Tumeomba. Sasa nani ana jembe la kukandia udongo?"

Siku ya paa ilikuwa siku ya kiangazi, anga tupu, upepo mdogo. Zablon alikuwa ameinua kuta palepale, juu ya msingi wa zamani, akiufuata kwa koleo kama Lydia anavyofuata mstari. Nguzo za panda zilikuwa zimesimama, boriti zimelazwa, fito na nyasi juu yake. Asubuhi watu walikuja katika vumbi, wengi kuliko alivyotazamia, na kwa macho ya Zablon walionekana kama wanatoka ndani ya ardhi yenyewe: wanawake na mitungi ya togwa vichwani, wanaume na majembe begani, wazee wakisimama kila hatua na kuonyesha kwa fimbo. Hapa palikuwa kwa fulani. Hapa zizi. Hapa niliumwa na nge, mjinga yule. Walitembea kati ya matuta wakiingia kwenye milango isiyokuwepo, na baadhi yao waliinama kidogo wakipita, kama mlango ulikuwa mfupi.

Penina alikuja kutoka mjini na viatu vya kazini. Alivivua bila kuambiwa akaingia katika udongo.

Abdulwahab naye alifika, mbuzi mbele yake, akakuta nyumba imesimama. Alichungulia mlangoni. "Bibi, shikamoo. Umejenga juu ya sahani ya mbuzi wangu."

"Marahaba," alijibu Debora kutoka ndani. "Walikuwa wameazima tu. Walaze upande ule wa ukuta, hapo kuna kivuli."

Wakajilaza pale, wakitafuna, wakitazama kazi ya watu.

Udongo ulianza kupanda. Mkono kwa mkono, bonge kwa bonge, wimbo chini ukiitikiwa juu. Zablon alikuwa darini akiupokea na kuukanyaga. Jua lilimpiga kichwani, wimbo ukamwingia miguuni, akawa kama anaota akiwa macho. Kutoka pale juu aliona Igongo yote: uzio wa minyaa, matuta mekundu, watu wakipita kati yake. Alitafuta malango ya shaba kwa mara ya mwisho. Hayakuwepo. Lilikuwepo paa moja tu la tope linalong'aa, na yeye juu yake.

Ndipo alipousikia mlio ule chini ya nyayo zake. Jiwe juu ya jiwe. Ulikwenda mbele, ukarudi, mzito, wa taratibu, ukiegemea kushoto. Mama yake hakuweza kusubiri paa liishe. Wanawake waliokuwa mlangoni walinyamaza kusikiliza, kisha waliokuwa wanakanda udongo, mpaka wimbo wote ukaisha na ukabaki mlio huo peke yake. Mtoto alikuwa amerudi kwa mama yake, na uwele unasagika kati yao.

Mlio ukakatika.

"Zablon!" Debora aliita kutoka ndani, kwa sauti ambayo mwanawe hakuwa ameisikia kwa muda mrefu, sauti ya mwenye nyumba. "Zablon! Unaniangushia vumbi kwenye unga wangu!"

Watu wote waliinua nyuso kumtazama fundi mwenye aibu, amesimama juu ya paa, tope mpaka magotini. Zablon alifungua kinywa, na sauti ikatoka kubwa, mbuzi wakasimamisha masikio.

"Kula hivyohivyo, Mama! Ni vumbi la kwenu!"

Chini jiwe likaendelea.